Risasi Tano Kwenye Sahani ya Pai

10 Septemba 1960

Nimenunua bunduki. Naandika hivyo kabla ya jingine lolote, ili kesho nikiamka nisijidanganye kwamba nilikuwa naota.

Nilikwenda dukani kwa Bwana Trevarrow kutafuta misumari ya paa la banda. Karibu na kaunta ameweka pipa, na ndani yake bunduki kuukuu za jeshi zimesimama kama mifagio. Zimepakwa grisi nzito ya kahawia hata huwezi kujua ubao unaishia wapi na chuma kinaanzia wapi.

"Bi Ketola, hizo si za kufagilia," akaniambia.

"Najua. Za kufagilia unauza ghali zaidi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka aliponiona nimekunja mikono ya koti. Nilizitoa moja moja, nikazikagua. Nilimwomba risasi moja, nikaingiza ncha yake kwenye mdomo wa kila mtutu, kama marehemu mume wangu Reino alivyokuwa akifanya. Kwenye nyingi risasi ilizama hadi shingoni, maana zimelika. Ya sita ilikuwa nzito kuliko wenzake, na risasi ikagota mapema. Nikafuta grisi kwa aproni yangu, nikaona herufi mbili ndani ya kisanduku kidogo: SA. Jeshi la Finland. Wazazi wangu walitoka huko wakiwa na sanduku moja na kahawa kidogo. Nikatazama mtutu mbele ya dirisha. Ulikuwa uking'aa ndani kama glasi iliyooshwa.

"Unamnunulia nani?" akauliza Trevarrow.

"Hilja Ketola."

Reino ana miaka miwili kaburini. Kila Novemba tangu afe, kaka yake Waino huja mlangoni kwangu na furushi la gazeti. Ni nyama ya shingo na mbavu zisizo na kitu, na humo ndani mna huruma nyingi kuliko nyama. Miaka ishirini na sita nimeipika nyama ya ile kambi yao ya kuwindia. Magogo ya kambi yenyewe nilisaidia kuyavuta, mimi na farasi. Sitaki tena kuletewa shingo.

11 Septemba

Mvua. Grisi haitoki kwa kitambaa wala kwa mafuta ya taa.

12 Septemba

Nimewasha sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, si kwa ajili yangu. Nimemwagia bunduki ndoo nne za maji yanayochemka. Grisi ikateremka kama supu iliyoharibika. Wifi yangu Impi, dada yake Reino, alifika akitarajia kuoga, akanikuta nimevaa gauni la ndani, bunduki mapajani.

"Wifi! Wengine wakifiwa hununua paka!"

Nikamweleza nia yangu: nakitaka kitanda cha Reino kambini msimu wa kulungu ukifunguliwa tarehe kumi na tano Novemba. Akakaa kwenye benchi, akanitazama.

"Kaka Waino atapasuka."

"Basi utamshona."

17 Septemba

Nimevuna viazi. Magunia kumi na moja.

24 Septemba

Aibu ya leo naiandika yote, maana nikiificha itaniozea.

Nilikwenda kwenye shimo la kokoto nyuma ya shamba la zamani. Nikapigilia karatasi kwenye ubao, nikahesabu hatua mia, nikalala juu ya gunia la oti, chakula cha farasi. Risasi ya kwanza ikanipiga bega kama teke la ng'ombe. Ya pili vilevile. Nikavuta komeo la bunduki ili nitoe ganda tupu la risasi. Likagoma. Nikavuta tena, nikasimama, nikaiweka bunduki gotini nikavuta kwa mikono miwili, nikilitukana kwa Kifini. Mwishowe nikaokota kipande cha kuni nikaligonga.

Hapo ndipo Eino Lahti, mmoja wa wanaume wa kambi, alipopita na lori lake la magogo. Alisimama kabisa, akazima injini asikose kitu.

"Hilja! Ukimaliza kupasua kuni, nami ninazo kidogo!"

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Kwenye kahawa ya kanisa mzee mmoja aliniuliza kama bunduki yangu hutumia risasi au shoka.

Na karatasi? Haikuguswa.

26 Septemba

Shuleni ninakopika, nikikoroga supu ya mbaazi ya watoto mia na arobaini, nimepata jibu. Sufuria nikiliosha nje tu, ndani likabaki na mafuta, likipata moto kila kitu hunata. Chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, nayo ni hivyohivyo. Grisi ya zamani imekaukia humo kama rangi. Risasi mbili zikitia joto, inayeyuka na kulishika ganda.

27 Septemba

Maji ya moto, mafuta ya taa, na brashi ya chupa za maziwa niliyoifunga kwenye kijiti. Saa mbili nzima nimesugua. Kitambaa cha mwisho kimetoka cheupe.

1 Oktoba

Risasi kumi, na komeo limefunguka mara zote kumi kwa vidole viwili! Nilicheka peke yangu shimoni kama mwendawazimu.

Nilipotundika shuka kuukuu nyuma ya ubao, nikajua pia risasi zinakokwenda: juu kwa shubiri nzima, na kushoto kwa upana wa kiganja. Lakini zote zimekaa pamoja, zimesongamana kama kuku kwenye baridi. Bunduki haina kosa. Inalenga tu mahali ambapo mimi sitaki.

2 Oktoba

Kilengeo cha mbele kina skrubu mbili, moja kila upande. Ukilegeza moja na kukaza nyingine, kinasogea. Nikawaza: risasi zinakwenda kushoto, basi nikisukume kulia. Nikapiga tatu. Zikaenda kushoto zaidi, hata shuka likazikosa.

Nilikaa juu ya gunia nikala mkate wa iliki nikifikiri. Kumbe kilengeo cha mbele hukisukumi kinyume cha kosa, unakipeleka kulekule risasi ziendako. Nikakirudisha, nikakizidisha kushoto kidogo. Tatu nyingine. Katikati! Juu bado, lakini katikati.

Risasi zimebaki arobaini na moja. Trevarrow huzipata kutoka Sweden, na meli haijali haja yangu.

8 Oktoba

Upepo kutoka ziwani. Mawimbi yanasikika hadi hapa nyumbani. Sikupiga.

9 Oktoba

Kushusha risasi ni lazima kilengeo cha mbele kiwe kirefu zaidi, na hiki ni kifupi. Trevarrow alisema niagize kingine, kitafika Januari. Januari kulungu watakuwa wamenisahau.

Nimeziba ndoo za maziwa zinazovuja kwa miaka yote hii. Nikakata kipande cha shaba kutoka kwenye ganda tupu la risasi, nikapasha moto chuma cha kulehemu juu ya jiko, nikakigandisha kile kipande juu ya ncha ya kilengeo. Kimekaa kama jino la dhahabu kinywani mwa mzee maskini. Nimekiacha kirefu kupita kiasi, kwa sababu kukipunguza kwa tupa naweza, kukirefusha siwezi.

15 Oktoba

Theluji ya kwanza, haikukaa. Nimekaa shimoni na tupa, nikikikereza kile kipande kidogo kidogo. Tupa mara tatu, risasi mbili. Bado chini. Tupa mara tatu, risasi mbili. Bado chini, lakini kidogo. Tupa mara mbili. Vidole vilikufa ganzi, nikavitia kwapani nikangoja.

Risasi mbili za mwisho za leo zimepita tundu moja, katikati ya karatasi. Ukitazama haraka ungesema ni moja.

Nimeivunja tupa vipande viwili nikaitupa kwenye kokoto, nisije nikashawishika kuendelea.

16 Oktoba

Waino alikuja kunikemea.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda, hatua kumi kutoka kwenye gari lake, alilolileta kwa mwendo wa ng'ombe, nimevaa koti jekundu la Reino. Akashuka, akanitazama usoni, akasema, "Eino, shemeji yangu yuko ndani?"

"Shemeji, ni mimi," nikasema.

Akakinga macho kwa kiganja. "Jua linanipiga machoni," akasema.

Hakukuwa na jua. Tangu Jumatano hakujawa na jua.

Akanieleza kwamba wanaume wamekubaliana: kitanda cha Reino atapewa Bwana Dalrymple, muuza magari wa mjini, ambaye ataleta jenereta. "Huu si uamuzi wa kukudharau, shemeji. Kambi ni kambi. Nyama utaletewa kama kawaida."

Nilikuwa na maneno mengi, yote makali. Lakini nilikuwa namtazama akirudi garini, mkono mbele, akiupapasa mlango kabla ya kuushika. Nikamwacha aende.

17 Oktoba

Sikumwambia Impi jinsi Waino alivyoupapasa mlango.

30 Oktoba

Kikao nyumbani kwa Waino. Walikuwapo Waino, Eino, na Arvo Saari, fundi wa mgodini. Sikualikwa. Niliingia na pai sita za nyama, na hakuna mwanamume wa huku awezaye kuifukuza pai.

Nikawaacha wale kwanza. Kisha nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya kitanda cha Reino, kile cha dirishani."

Arvo akatazama sahani yake. Eino akatabasamu. "Utakuja na kuni zako?"

"Nitakuja na bunduki. Kuni nitakuachia wewe, unapenda kutazama."

Arvo akapaliwa na pai.

"Shemeji," Waino akasema, "kambi ina kanuni. Baba aliichonga ukutani kwa kisu chake."

"Isome, basi."

"Unaijua."

"Naijua. 'Apigaye sahani ana kitanda.' Baba mkwe aliiandika kwa Kifini. Niambie, shemeji, neno mwanamume liko wapi humo? Lugha yetu haijui yeye wa kiume na yeye wa kike. Yeye ni yeye. Mzee angetaka wanaume tu, kisu alikuwa nacho na ukuta ulikuwa na nafasi."

Jiko lilikuwa likivuma. Eino akajikuna shingo. "Hapo amekubana, Waino."

"Ile sahani hatujaipiga miaka miwili," Waino akasema haraka. "Baridi ilikuwa kali. Ni mchezo wa wazee tu."

"Risasi tano, hatua mia, sahani ya pai," nikasema. "Kila mwaka aliyekosa aliacha bunduki ukutani. Reino aliniambia baba mkwe mwenyewe aliwahi kukosa, akakaa msimu mzima akimenya viazi. Mnichezeshe huo mchezo wa wazee. Na huyo muuza magari naye acheze. Na ninyi nyote."

"Ni haki yake," Arvo akasema, na Arvo husema mara moja kwa mwezi.

Nilimtazama Waino. Nilidhani nitaona hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia barafu ikilia chini ya miguu yake. Ndipo nikaelewa kwa nini sahani haijapigwa miaka miwili, na baridi haikuhusika. Ningeweza kusema neno moja tu mbele yao na kumaliza yote. Lilikuwa ulimini.

"Basi tarehe kumi na nne, kambini," Eino akasema. Nikakusanya sahani zangu nikaondoka.

5 Novemba

Nimekata leseni ya kuwinda. Karani akauliza, "Jina la mumeo?" Nikamwambia amekwisha kufa na hahitaji leseni huko aliko.

7 Novemba

Bega lina rangi ya biringani. Najifunika shali shuleni.

12 Novemba

Theluji hadi kifundo cha mguu. Nimebaki na risasi kumi na sita. Sitapiga tena hadi siku yenyewe. Nakaa jikoni nikilenga swichi ya taa na bunduki tupu, nikivuta kifyatuo taratibu kama mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto.

14 Novemba, kambini

Naandika nikiwa nimekaa kitandani. Kitanda cha dirishani.

Asubuhi theluji ilianguka nene na ya polepole. Arvo aliipigilia sahani ya bati kwenye mwerezi, kila mpigaji na yake, akahesabu hatua mia huku Eino akimzomea kwamba ana miguu ya bata. Impi alikuja pia, bila kuombwa, na chupa ya kahawa. "Nimekuja kuona nani atalia," akasema.

Eino alipiga kwanza: tano. Arvo: tano. Bwana Dalrymple akatoa bunduki mpya yenye darubini kubwa kama chupa ya maziwa. Theluji ikaingia kwenye kioo, akafuta kwa kidole, kikazidi kupata ukungu. Alipata mbili. Ni mtu mwenye adabu, akasema, "Bora nibaki kuuza magari," akaenda kumsaidia Impi na kahawa.

Nikalala juu ya gunia langu la oti. Nilisikia Eino nyuma yangu akisema, "Nani ana kuni?" na Impi akimwambia afunge mdomo wake mkubwa. Katika ule weupe wote sahani ilikuwa kama kivuli tu. Lakini kile kipande cha shaba, lile jino la dhahabu, kiling'aa mbele ya jicho langu kama punje ya moto. Nikakiweka katikati ya kivuli. Nikatoa pumzi nusu.

Ting.

Komeo, vidole viwili. Ting. Komeo. Ting. Sikusikia bega, sikusikia baridi. Ya nne, ting. Nikaiweka bunduki chini, nikala theluji kidogo, nikangoja. Nikainua tena.

Ting.

Arvo alitembea hadi kwenye mwerezi, akaichomoa sahani, akarudi nayo akiitazama njia nzima. "Tano," akasema. Kisha, kwa kuwa Novemba ilikuwa haijamaliza maneno yake, akaongeza, "Naweza kuzifunika zote kwa kikombe."

Impi alipiga kelele hadi theluji ikaporomoka kwenye tawi. Eino alivua kofia yake, akainama kwa kejeli, halafu akasahau kejeli akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alikuwa amebaki Waino. Arvo alipigilia sahani mpya. Waino akapiga goti, akaweka jicho kwenye kilengeo. Akakaa hivyo muda mrefu. Theluji ikaanza kujaa mabegani mwake. Kisha akateremsha bunduki, hakupiga hata moja.

"Siioni," akasema.

"Theluji hii..." Eino akaanza.

"Si theluji. Tangu theluji ilipoyeyuka mwaka juzi. Naona rangi, naona kama kuna kitu. Mwaka jana nilipiga kichaka nikidhani ni dume. Ningeweza kukuua wewe, Eino." Akafungua komeo, akatoa risasi tano, akazitia mfukoni mwa Arvo moja moja. "Baba alisema anayekosa huacha bunduki ukutani."

Akaingia ndani, akaitundika mwenyewe.

Miaka miwili nimemwona Waino kama mlango uliofungwa. Kumbe alikuwa ameuegemea kwa mgongo, akiogopa upepo. Nilimfuata ndani. Alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Ulijua," akasema.

"Tangu siku uliyoniita Eino."

"Na hukusema."

"Halikuwa langu la kusema, shemeji."

Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Basi nitamenya viazi."

"Kile kinamasi cha mierezi, unakijua bado?"

"Kwa miguu yangu. Hata usiku wa giza."

"Mimi sikijui. Nimekipikia nyama yake tu. Kesho twende wote. Wewe utaniambia atatokea wapi, mimi nitatazama."

Aliinua uso. Sijui aliona nini cha uso wangu.

Impi na Bwana Dalrymple walipoondoka, Waino, Eino na Arvo wakasimama karibu na jiko wakinitazama, na jiko nalo lilikuwa baridi. Nikavua viatu nikapanda kitandani.

"Msinitazame mimi," nikasema. "Mimi nimekuja kuwinda."

Eino ndiye aliyepika. Kilikuwa kitu cha kusikitisha.

15 Novemba

Tuliondoka kabla hakujapambazuka. Waino alitangulia, mkono wake ukigusa mti huu na ule kama anayesalimia watu kanisani. Hakuteleza hata mara moja, nami niliteleza mara tatu. Akanikalisha juu ya gogo lililoanguka, akageuza mabega yangu kidogo kushoto.

"Upepo unatoka ziwani," akanong'ona. "Eino atapita ukingo wa mto, kama kawaida yake, kwa kelele kama treni. Kulungu watamkimbia. Watapita hapo, kati ya mierezi miwili iliyopishana. Ipo bado?"

"Ipo."

"Jike atatangulia. Mwache. Hesabu hadi ishirini."

Baridi ilinipanda kutoka kwenye gogo hadi kwenye meno. Mwanga ukaja wa kijivu, kisha wa bluu. Saa mbili na kitu kitawi kikavunjika. Jike akatokea, akasimama palepale aliposema, masikio mbele, akapita. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi na saba akaja dume, kichwa chini, anafuata harufu, pembe zake zikipangusa theluji kwenye matawi.

Kile kipande cha shaba kikakaa nyuma ya bega lake. Sikumbuki kuvuta.

Kinamasi kizima kikaitika. Dume akaruka mara mbili, akapiga magoti, akalala.

"Hilja?" Waino akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Hilja, sema!"

"Amelala."

Tukaenda. Nikamgusa jicho kwa ncha ya mtutu, kama Reino alivyokuwa akifanya, hakutikisika. Waino akavua glovu, akapiga magoti kwenye theluji, akazishika pembe. Akazihesabu kwa vidole, taratibu, kila ncha. "Nne... tano. Upande huu tano." Akahamia upande wa pili. "Nane... tisa... kumi. Kumi, shemeji! Baba hakuwahi kupata wa ncha kumi. Reino hakuwahi!"

Akasimama, akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele wa zamani wa kambi, ule ambao sikuwa nimeusikia tangu Reino afe. Kutoka upande wa mto sauti ya Eino ikajibu, mbali, imejaa furaha na utani:

"Waino! Umemuua wewee?"

"Si mimi!" Waino akapaza sauti hadi kunguru wakaruka. "Ni Hilja! Hilja wa kitanda cha dirishani!"